Kitanda cha Kazi, Chumba cha Majengo

Mgeni aliyeingia Nairobi miaka ya 1930 kutafuta kazi alikuwa na milango miwili mikuu ya kubisha. Wa kwanza ulikuwa wa mwajiri. Reli iliwaweka wafanyakazi wake kwenye landhi za Muthurwa, safu za vyumba vilivyobanana karibu na karakana. Barabara ya Landhies ingali na jina hilo. Wa pili ulikuwa Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika sehemu yake iitwayo Majengo, wenye ploti walijijengea nyumba za Kiswahili na kupangisha chumba kimoja kimoja.

Landhi ilikuwa hatua chache tu kutoka kazini. Lakini kazi ikikatika, paa nalo limekwenda. Tena wakoloni walimhesabu mfanyakazi kama mwanamume asiye na jamaa: alipewa nafasi ya kitanda, mke na watoto wakabaki mashambani. Aliyeamua mtu alale wapi aliamua pia aishi na nani.

Majengo kodi iliuma, na chumba kiligawanywa kwa watu wengi. Hata hivyo mpangaji alipika alichotaka na kumkaribisha ndugu yake bila kibali cha msimamizi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, ameonyesha kwamba miongoni mwa wenye nyumba wa Pumwani na wa Pangani, mtaa mwingine wa Waafrika, walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa akiba yao wenyewe. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliohamishwa wakajengewa Shauri Moyo.

Mambo yalianza kubadilika Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940, mtaa uliopangwa kwa ajili ya familia, wenye bustani na ukumbi wake. Ukumbini humo, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa pamoja na kiongozi mwenzake Fred Kubai, na mgomo mkuu ukatikisa jiji. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipendekeza mshahara unaotosha kulisha familia. Mitaa ya Ofafa na Mbotela, iliyopewa majina ya viongozi waliouawa miaka ya hali ya dharura ya vita vya Mau Mau, ilijengwa katika muongo huohuo.

Baada ya uhuru, mlango wa Majengo ndio uliopanuka. Katika mradi wa Dandora wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mwenye ploti alipewa choo na bafu, kisha akajiongezea vyumba, vingi vikiwa vya kupangisha.

Leo anayebisha ni mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanaojilipia karo mwaka 1998, vitanda vya bwenini havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Anayehamia kutoka chuo kingine hupiga hesabu ileile: bweni lililo karibu na maktaba, au chumba mtaani Umoja na nauli ya matatu ya Barabara ya Jogoo kila asubuhi. Kuna jambo moja la kuingiza katika hesabu hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na hakikufunguliwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Hata katika migomo ya wanafunzi ya baadaye, wa bwenini waliamriwa kufungasha mara moja. Wenzao waliopanga mitaani walibaki na funguo zao.