Mshale wa Mita: Nguvu ya Mtambo wa Redio na Msikilizaji wa Kimwani

Wahariri wa kitabu hiki waliponiomba niandike juu ya redio katika historia ya miaka mia moja ya usharika wetu, nadhani walitegemea habari za kwaya zilizorekodiwa na mahubiri yaliyotangazwa. Habari hizo wanazijua wengine kuliko mimi. Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha nyuma, chumba chenye joto na kelele ya feni, ambako mgeni wa heshima hapelekwi. Kwa hiyo nitaandika habari za mtambo wenyewe, na hasa kazi ya kuipima na kuilinda nguvu yake. Ni kazi isiyo na sifa. Lakini inapozembewa, watu wa mbali kama sisi wa Kimwani ndio tunaopotea kwanza, na wala hakuna anayejua kuwa tumepotea.

Nchi hii ya Ziwa ilipata mnara wa mawimbi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Betheli walianza kazi Buhaya mwaka 1910, na miaka michache baadaye Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo mjini Bukoba. Kituo hicho ndicho kilichowafanya Waingereza wavuke Ziwa kutoka Kisumu mwezi Juni 1915. Walishuka pwani tarehe 22, na siku iliyofuata wakauingia mji, wakaibomoa ngome na mnara, na mji ukaporwa. Mnara ule haukuwa na neno lolote kwa mwananchi wa kawaida, kwa maana ulijengwa ili maofisa wazungumze na maofisa wenzao. Hata hivyo ulifuatwa kwa meli na mizinga kwa sababu moja tu: sauti yake ilifika mbali.

Baada ya hapo, redio kwa watu wetu ilikuwa kitu cha kupokea kutoka mbali. Wazee wanaikumbuka Sauti ya Injili. Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipata kibali cha serikali ya Ethiopia mwaka 1959, na matangazo yakaanza kutoka Addis Ababa tarehe 26 Februari 1963. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarekodiwa kwenye kanda, na kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia ili virushwe kutoka huko kwa mawimbi mafupi. Ni safari ndefu ya ajabu kwa neno lililokusudiwa kumfikia mtu wa Moshi au wa Muleba! Mitambo ilikuwa miwili, kila mmoja wenye kilowati 100, yaani wati laki moja. Nguvu ya namna hiyo ilihitaji wahandisi wa zamu, na vyombo vya vipimo vilijaza ukuta. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo. Miezi mitatu baadaye, mwezi Juni, Shirikisho lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Shirikisho alilokabidhiwa ndilo lililokuwa limetoka kupoteza sauti yake kubwa kuliko zote katika Afrika.

Redio ndogo za masafa ya FM zilikuja baadaye. Hadi mwaka 1993 utangazaji nchini ulikuwa wa serikali peke yake, na sheria ya mwaka huo ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi na mashirika ya dini. Katika mkoa wetu Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995, wakati wa wakimbizi. FADECO ilianza Karagwe mwaka 2007. Na Bukoba nayo ikapata vituo vyake. Fundi aliyezoea kusikia habari za kilowati 100 alijikuta mbele ya sanduku la chuma la wati 300 au 500, ambalo watu wawili hulibeba bila shida. Wengi tulidhani kwamba kwa kuwa mtambo ni mdogo, uangalizi nao ni mdogo. Tulikosea.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kinachopimwa. Mtambo hutoa nguvu yake kupitia kebo nene hadi kwenye antena juu ya mnara. Antena ikiwa nzima, karibu nguvu yote hutoka na kwenda kwa wasikilizaji. Antena au kebo ikiwa na dosari, sehemu ya nguvu hugonga dosari ile na kurudi ilikotoka, mfano wa mwangwi unaorudi kutoka mwambani. Mita ya wati huunganishwa kati ya mtambo na kebo, nayo husoma mambo mawili: nguvu inayokwenda na nguvu inayorudi. Ikiwa wati 300 zinakwenda na 12 zinarudi, ni asilimia 4, na mtambo wa kawaida huivumilia hali hiyo. Zikirudi 33, ni asilimia 11, na fundi hana budi kuanza kutafuta sababu. Zikiongezeka zaidi, mtambo wa kisasa hujilinda kwa kupunguza nguvu yake wenyewe ili usiungue. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana mtambo haunyamazi. Muziki unaendelea, taa za kijani zinawaka, na mtangazaji hana habari.

Ipo njia nyingine kwa kituo kisicho na mita nzuri. Fundi husoma volti na ampea za hatua ya mwisho ya mtambo na kuzizidisha. Volti 48 kwa ampea 9 ni wati 432 zinazoingia. Mtambo ukiwa na ufanisi wa asilimia 70, basi wati 302 hivi ndizo zinazotoka. Hesabu hii ni msaada wa kweli, ila haisemi chochote juu ya hali ya antena. Ili kujua kama kosa ni la mtambo au la mnara, fundi huifungua kebo ya antena na kuunganisha mahali pake chombo kinachomeza nguvu yote na kuigeuza joto. Mtambo ukionyesha afya njema hapo, basi ajiandae kupanda mnara.

Tena, wati zinazotoka mtamboni sizo zinazofika hewani. Wati 500 zikipita katika kebo inayopoteza moja ya tano, zinabaki 400. Antena yenye uwezo wa kuikusanya nguvu kuelekea kwa watu, badala ya kuitawanya mawinguni, yaweza kuzifanya zihesabiwe kama 800. Leseni huweka kikomo cha nguvu, na kukivuka nalo ni kosa. Mkoa wetu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na masafa ya FM yaligawanywa baina ya nchi katika mpango wa Geneva wa mwaka 1984. Anayeongeza nguvu kwa siri humkalia jirani juu ya sauti yake.

Sasa nieleze lililotupata. Kituo sitakitaja, wala mahali kilipokuwa. Nilikuwa nasaidia zamu za usiku. Palikuwa na daftari la vipimo, nasi tulitakiwa kusoma mita kila baada ya saa tatu na kuandika: inayokwenda, inayorudi, volti, ampea, joto. Kwa miezi mingi mshale haukusogea, na kitu kisichosogea humchosha mtu kukitazama. Tukaanza kuandika kwa mazoea. Wa zamu iliyotangulia ameandika 300 na 6, nawe unaandika 300 na 6 ukiwa bado umekaa kitini. Mmoja wa walioandika hivyo ni mimi.

Zikaja mvua za masika. Bukoba hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na radi za kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zile nyingi kuliko zote duniani. Maji yaliingia katika kiungio cha kebo juu ya mnara, mahali ambapo mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka kwa jua. Nguvu inayorudi ikapanda, mtambo ukajipunguza hadi wati 90 hivi, nasi tukaendelea kuandika 300. Mjini hakuna aliyelalamika. Nguvu ikishuka hadi robo, mawimbi yanayomfikia msikilizaji hupungua hadi nusu tu, na aliye karibu na mnara ana ziada kubwa kiasi kwamba haoni tofauti. Lakini FM ina tabia yake. Husikika safi mpaka ukingoni, kisha hatua chache zaidi hugeuka kelele tupu. Kimwani, kusini ya Ihangiro ya zamani, nyuma ya miinuko na mabonde ya Muleba, ndiyo iliyokuwa ukingo wetu.

Wiki tatu zilipita. Msomaji wa mkoa huu anajua saa ya jioni ambayo kila nyumba hunyamaza: saa ya matangazo ya vifo. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa chache vijijini, na tangazo la redio ndilo lililowakusanya ndugu kwa mazishi. Siku moja alifika kituoni mama wa makamo kutoka Kimwani. Hakuja kugombana. Alisema, “Baba, nimekuja kuuliza kama redio yenu bado ipo.” Dada yake alikuwa amefariki, tangazo lilisomwa jioni mbili mfululizo, na kwake redio ilitoa mvumo kama wa mvua juu ya bati. Alipopata habari kwa mdomo, dada yake alikwisha kuzikwa siku nne. Nilikwenda kuutazama mshale, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliusoma kweli. Kisha nililifungua daftari mbele ya mkuu wa kituo, na sikuwa na la kusema.

Kiungio kilibadilishwa kwa siku moja. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa mbili. Lililochukua muda ni daftari. Tulikubaliana kwamba anayesoma mita asione ukurasa wa zamu iliyotangulia, na kwamba tarakimu ziandikwe pamoja na alama ya desimali, kwa sababu mshale wa kweli hautulii juu ya namba ile ile siku hadi siku. Umeme nao hautulii. Kwa miaka mingi Bukoba ilitegemea umeme kutoka Uganda, na jioni volti zilipopungua, wati nazo zilipungua. Mtu aliyeandika namba moja juma zima alijulikana mara moja.

Siku hizi mitambo mingi hujipima yenyewe na kutuma ujumbe katika simu ya fundi nguvu inapoyumba. Nafurahi kuona hivyo, ingawa nimewaona vijana walionyamazisha mlio wa ujumbe huo kwa sababu unawasumbua usingizi.

Jambo moja katika daftari letu halikutoka katika kitabu chochote cha ufundi. Tuliongeza safu ya mwisho, baada ya joto, tukaiandika juu yake “Kimwani”. Kila Jumamosi mwalimu mmoja wa shule, mwenye redio ya betri na baiskeli, alifika mahali penye simu na kutueleza anasikiaje. Safu hiyo haikuwa na tarakimu. Iliandikwa “safi”, au “inakwaruza”, au “hakuna”. Na katika juma la mvua kubwa lililofuata iliandikwa, kwa mwandiko wangu, “inakwaruza tangu saa kumi na mbili”, na chini yake, “nimepanda mnara, nimekaza, safi saa mbili na robo”.