Kifo cha mnyama wa nyumbani: msiba usio na matanga

Waswahili tuna utaratibu kamili wa kupokea kifo cha mtu. Kuna tanzia, kuna matanga, kuna hitima, kuna jirani aletaye uji na mikate bila kuombwa. Afapo paka, hakuna hata kimoja katika hivyo, na aliyefiwa huulizwa: kwani si paka tu?

Swali hilo huumiza zaidi ughaibuni. Hapa Märsta, mji ulio kaskazini ya Stockholm karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, mhamiaji aishiye peke yake anaweza kumaliza siku nzima bila kusemezwa na mtu. Katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mbwa ndiye amtoaye nje asubuhi na jioni na kumjulisha kwa majirani. Akifa mbwa, mpango wote huo wa siku hufa naye.

Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, aliipa hali hii jina: huzuni isiyotambuliwa, yaani ile ambayo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuionyesha. Haipungui kwa kufichwa. Wala haifuati ngazi. Hatua 5 mashuhuri alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa, si na wafiwa. Anayelia tena mwezi wa tatu hajarudi nyuma.

Kwa aliyekimbia kwao, huzuni hii huwa na tabaka la pili. Wengi wetu tulipata habari ya kifo cha mama au kaka kwa simu, tukashindwa kusafiri, na usiku ule ule tukaingia zamu kazini. Mnyama huenda akawa wa kwanza tuliyemshika mikononi akikata roho. Hapo machozi ya miaka 15 hutoka kwa pamoja, na mtu huona aibu kwamba amemlilia paka kuliko alivyomlilia mzazi. Hamlilii paka peke yake. Mzee mmoja wa hapa, mbwa wake alipokufa, aliwaita rafiki wawili kunywa kahawa, akawataja wafu wake wote wa nyumbani kwa majina, mbwa akiwa wa mwisho. Wapo waliocheka. Mimi naona alifanya matanga aliyoyakosa.

Wapo Waislamu wanaohofia kwamba huzuni ya namna hii haifai. Hadithi ya Anas bin Malik inasimulia jinsi Mtume Muhammad alivyomliwaza mtoto, Abu Umair, aliyefiwa na ndege wake mdogo. Na hukumu ya najisi ya mbwa katika madhehebu ya Shafii ni mlango wa twahara. Huruma ina mlango wake, na katika Hadithi yumo mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Mzigo mwingine ni sindano ya mwisho. Nchini Sweden daktari wa mifugo huweza kushauri mnyama asiyepona akatishwe maisha, na aliyekubali hujiona muuaji. Amwombe daktari amweleze tena ugonjwa ulikuwa umefikia wapi. Maelezo hayo husaidia kuliko pole.

Mwili unaweza kuchomwa pamoja na wanyama wengine, bila majivu kurudishwa, au peke yake, ukarudishiwa majivu. Mwenye kiwanja aulize manispaa ya Sigtuna kabla ya kuzika. Kifo cha mbwa kiarifiwe katika daftari la Jordbruksverket, mamlaka ya kilimo. Makaburi ya wanyama yapo Kaknäs, Stockholm, ambako mwandishi August Blanche alimzika mbwa wake Nero katika karne ya 19.

Watoto waambiwe kweli. Wasweden husema mnyama "ameachwa asinzie", na mtoto aliyesikia hivyo huweza kuogopa kitanda chake. Mwambie: amekufa, hatarudi, na si kosa lako. Mwache achore picha au achague mahali pa kuzika, na usilete paka mwingine kesho yake.

Mtu mzima ambaye wiki zinapita hali wala halali apige simu 1177, ushauri wa afya, au aende kituo cha afya cha mtaa wake. Mtoto anaweza kuwapigia Bris, 116 111.