Herufi za Mlazo: Neno Mgeni na Neno Mwenyeji

Neno la lugha nyingine likiingia katika maandishi ya Kiswahili, desturi ya wapiga chapa ni kuliandika kwa herufi za mlazo, yaani italiki. Katika siku za taipureta, mashine ambayo kwa kawaida haikuwa na herufi hizo, mwalimu alipiga mstari chini ya neno na mpiga chapa akaelewa. Desturi hii huonekana ndogo, lakini kwa walimu wa Jinja na Mbale, ambao wanafunzi wao huja darasani na Kisoga, Kiganda au Kigisu, ina uzito wake. Yafaa basi tuijue asili yake.

Herufi za mlazo hazikubuniwa ili kutenga maneno. Zilichongwa na Francesco Griffo kwa ajili ya Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice, ambaye mwaka 1501 alitoa mashairi ya Virgil yote kwa herufi hizo. Kielelezo chake kilikuwa mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia. Herufi hizo nyembamba zilifaa kwa kitabu kidogo cha kuchukulika mkononi. Baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 16, zilianza kuchanganywa na herufi za wima katika ukurasa mmoja, zikapewa kazi ya kupambanua maneno.

Asili hiyo ya mkono ingali inaonekana. Katika chapa ya Times New Roman, iliyoanza kutumiwa na gazeti la The Times la London mwaka 1932, mlazo si herufi za wima zilizoinamishwa tu. Herufi 'a' hupoteza upinde wake wa juu, na 'f' hushusha mkia chini ya mstari.

Sasa tujiulize: mgeni ni nani? Jina la Jinja latokana na neno lenye maana ya jiwe au mwamba, ambalo kwa Kiganda ni 'ejjinja'. Katika sentensi ya Kiswahili 'ejjinja' litalazwa, na Jinja litasimama wima, kwa kuwa limekwisha kuwa jina la mji. Huko Mbale, mwanafunzi aandikaye insha juu ya 'imbalu', yaani tohara ya Wagisu, huambiwa alilaze neno hilo. Tukiishia hapo, tumemfundisha kwamba neno la babu yake ni mgeni siku zote. Kumbe neno 'bodaboda', lililozaliwa kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia kutokana na neno la Kiingereza, limekwisha kusimama wima bila kuulizwa kwao ni wapi.

Kiswahili chenyewe, kilichofanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, kinaomba kupokewa vivyo hivyo. Haifai kinyime wengine kile kinachokiomba. Rai yetu ni kwamba neno la jirani lilazwe mara ya kwanza na kuelezwa, kisha lisimame. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.