Watkins na Wapagazi wa Kariakoo

Lori la mchele linapotoka Ifakara usiku, likiuacha nyuma mto Lumemo, dereva akiulizwa anakwenda wapi hujibu: Kariakoo. Neno hilo tumelirithi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi, kilipiga kambi hapo. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao.

Mkuu wa kikosi hicho alikuwa Oscar Ferris Watkins, aliyewahi kupigana vita vya Makaburu kabla ya kuwa ofisa wa utawala Kenya. Kazi yake ilikuwa kupata mabega ya watu. Mbung'o waliua punda na ng'ombe, magari yakazama kwenye matope, ikabaki shingo ya binadamu. Bonde letu la Ifakara linayajua matope hayo: mwaka 1917 majeshi ya Wabelgiji yalipita Ifakara yakipanda mlima kwenda Mahenge walikokuwa Wajerumani, na Mahenge ikaanguka tarehe 9 Oktoba. Hata huko unga na risasi vilipanda juu ya vichwa vya watu.

Mpagazi alivaa shingoni kibamba cha chuma chenye namba. Alibeba kilo 20 na ushee, na yeye mwenyewe alihitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Safari ikiwa ndefu, mzigo uliliwa njiani. Tena unga wenyewe haukuiva. Watu waliochoka, kuni mbichi, sufuria chache: wakala ugali mbichi, tumbo la kuhara damu likawamaliza wengi kuliko risasi. Watkins alipigania vyombo vya kupikia na muda wa kupika. Kwa hilo namheshimu, ingawa mashine aliyoiendesha ilikuwa ya kukamata watu kwa nguvu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000 kwa hesabu za serikali tu.

Baada ya vita Watkins aliingia kwenye siasa za koloni. Mwaka 1921, akikaimu ukuu wa idara ya mambo ya Waafrika Kenya, alikwenda Dagoretti kwenye mkutano uliomkutanisha mwanasiasa Harry Thuku na machifu. Lakini suala lililomkaa rohoni lilikuwa mishahara ya wapagazi waliokufa kabla ya kulipwa. Ilikuwa rupia 5 kwa mwezi, fedha ya jasho, na alidai ilipwe. Serikali ya Uingereza haikuitoa.