Kati ya Gwaride na Mtihani: Elimu ya Viungo kwa Kidato cha Tano na cha Sita Ikitazamwa kutoka Kurasini, 1963–2024

Katika historia ya elimu ya sekondari nchini Tanzania, mwili wa mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita umetumiwa sana na kufundishwa kidogo. Umelimishwa, umepigishwa gwaride, umeshindanishwa viwanjani. Lakini kwa miongo mingi haukuhesabiwa kuwa jambo la kusomwa na kutahiniwa kama zilivyosomwa fizikia au historia. Makala haya yanaifuatilia tofauti hiyo kwa kusimama Kurasini, kata ya Temeke iliyobanwa kati ya bandari na Barabara ya Kilwa, mahali ambapo swali la nani mwenye haki juu ya mwili wa msomi kijana liliwahi kuzua vurugu.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea yasiyohusiana kwa asili. Serikali ya Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kambi yake ya Mgulani ni jirani wa Kurasini. Mwaka huohuo FRELIMO ilianzisha Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi iliyosimamiwa na Janet Mondlane na kuwa na makao yake Kurasini. Moja ilikuwa ya jembe na gwaride, nyingine ya daftari. Haikuchukua muda kabla ya kila upande kudai kilichokuwa cha mwenzake.

Dai la kwanza lilitoka serikalini. Mwaka 1966 iliamuliwa kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walitumikie taifa kwa lazima. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya utumishi huo, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400. Tukio hili huelezwa kwa kawaida kama mgogoro wa mishahara na utabaka, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, lilikuwa pia na upande usiozungumzwa sana: dola ilikuwa ikitamka kwamba mafunzo ya mwili ya msomi yangetolewa baada ya shule, nje ya shule, na kwa amri.

Kurasini jambo hilo lilijitokeza kwa ukali zaidi. Viongozi wa FRELIMO walitaka wanafunzi wa Taasisi wayatangulize mapambano kabla ya masomo ya juu ng'ambo. Baadhi ya wanafunzi waliona kwamba kazi yao kwa ukombozi ilikuwa kusoma. Machi 1968 mvutano uligeuka ghasia na Taasisi ikafungwa. FRELIMO ilipofungua tena shule ya sekondari, ilikuwa Bagamoyo. Si haki kuwahukumu wanafunzi wale kuwa waoga, kama walivyohukumiwa na baadhi ya wakubwa wao. Walichoambiwa ni kwamba kalamu na bunduki vina zamu. Nao walihofu kwamba zamu ya kalamu isingerudi.

Tamko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 liliingiza shamba ndani ya shule. Lilikuwa na shabaha njema, yaani kuondoa dharau ya wasomi kwa kazi za mikono, lakini lilikuwa na tokeo moja lisilokusudiwa: nguvu za mwanafunzi zilipata maana kupitia uzalishaji. Kukimbia kwa ajili ya kuelewa moyo, pafu na msuli hakukuwa na hoja ya kujitetea mbele ya ekari ya mahindi. Mwaka huohuo sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na kwa hivyo michezo ikapata chombo chake kando ya darasa. Azimio la Musoma la 1974 likakamilisha mpangilio kwa kumtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Inafaa kukumbuka kwamba Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka huohuo wa 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa askari.

Mpangilio huo ulipoporomoka, shule haikuwa na cha kuweka mahali pake. Mafunzo ya JKT kwa wahitimu yalisitishwa 1994, yakarejeshwa 2013. Katikati ya kipindi hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata mashindano ya UMISSETA yalisimamishwa kwa hoja kwamba yalikula muda wa masomo. Hoja hiyo isingewezekana kama michezo yenyewe ingekuwa somo. Tahasusi zilizozoeleka, yaani PCM, PCB, EGM, HGL na HKL, hazikuwa na nafasi ya elimu ya viungo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa shahada ya fani hiyo kwa vijana walioingia kwa masomo mengine kabisa: ghorofa ya juu ilijengwa, ngazi ikasahaulika.

Ngazi ilianza kuwekwa mwaka 2024. Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, na miongoni mwa makundi yake likawamo la michezo. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa kidato cha tano aliweza kutaja michezo kama njia yake ya masomo bila kuonekana ameikimbia shule.

Kwa kijana wa Kurasini, hata hivyo, tangazo hilo lilikuta ardhi imekwisha kubadilika. Upanuzi wa bandari uliwahamisha wakazi wengi, baadhi yao hadi Chamazi. Matangi ya mafuta, maghala na maegesho ya malori yameshika sehemu kubwa ya kata. Uwanja wa Uhuru na ule wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, haviko mbali, lakini hivyo ni viwanja vya watazamaji. Kwa kuwa nafasi za kidato cha tano hupangwa kitaifa, kijana huyo huenda akapelekwa bweni mkoa mwingine, kwenye uwanja mpana na mwalimu wa fani. Kinachobaki kwa kata ni ile miaka minne inayotangulia, ambamo mwanafunzi hujua kama ana mguu wa kuruka au jicho la mwamuzi. Na miaka hiyo huhitaji kipande cha ardhi kisichopitwa na lori.