Imeili ilifika Bukoba, nani aliifikisha Muleba?

Leo tuache kidogo habari za bumu na foleni ya kafeteria, twende kwenye historia. Sisi wa Kagera si mnajua tunavyotaniwa kwa jina la nshomile, yaani mtu aliyesoma, tena akasoma mpaka anataka kila mtu ajue. Sasa swali langu ni hili: huyu nshomile wa Bukoba na Muleba, imeili na intaneti vilimkuta lini kwenye masomo yake, na vilimsaidia kweli?

Nauliza kwa sababu darasani tunafundishwa TEHAMA katika elimu kama kitu kilichoshuka juzi pamoja na simu za kugusa. Nilivyofuatilia naona si hivyo. Mashine zilianza safari mapema tu, ila kila mara zilikomea mahali fulani njiani. Kutoka pale zilipokomea mpaka kwa mwanafunzi wa kijijini, elimu ilibebwa na mtu. Huyo mtu ndiye ninayetaka tumzungumzie, maana vitabuni hatajwi.

Kabla ya imeili: posta na meli

Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Watoto wote wa umri wa shule ya msingi walitakiwa waandikishwe ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa mwanzo. Walimu wangetoka wapi? Vyuo visingetosha hata kidogo. Basi serikali ikaamua kuwafundisha walimu wapya hukohuko vijijini, asubuhi wanashika chaki, jioni wanasoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Kati ya 1976 na 1984 waliandikishwa watu wapatao 45,000 kwa njia hiyo. Wazazi wetu wengi walifundishwa na walimu hao, wale walioitwa walimu wa UPE, mara nyingi kwa kejeli. Lakini kumbukeni kwamba elimu masafa mnayoiona leo ni mpya, wao waliifanya kwa kibatari.

Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefika 1965 pale Wizara ya Fedha. Zuio lile lilikuja kulegezwa polepole, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo mlango ukafunguka. Kwa hiyo mwaka ule taifa lilipohitaji sana kufundisha watu walio mbali, chombo ambacho baadaye kingekuja kufupisha umbali kilikuwa kimefungiwa nje. Siwalaumu, kompyuta ya wakati ule ilikuwa ghali ajabu na haikuwa na uwezo wa kumfundisha mtu wa Muleba. Ila ndivyo mambo yalivyokuwa.

Kwa Kagera, posta ilimaanisha ziwa. Kifurushi kinatoka Dar kwa treni mpaka Mwanza, kinapanda meli usiku kucha mpaka Bukoba, kisha kinasubiri basi la kwenda kusini, kilomita sitini na kitu, mpaka Muleba. Ukiwa Bumbire au Goziba, ambavyo ni visiwa vya wilaya hiyohiyo ya Muleba, unasubiri tena mtumbwi. Chuo Kikuu Huria kilipoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994, mwanafunzi wake wa Kagera alitegemea njia hizohizo. Na sote tunajua njia ya ziwa ilivyotuumiza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Mtu wa huku akisikia maneno "kufupisha safari", hayachukulii kama tangazo la biashara.

Imeili za usiku

Sasa turudi Dar, maana huko ndiko imeili ilikotua kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mradi ulioitwa ESANET uliounganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Msidhani ilikuwa intaneti ya kufungua kurasa. Unaandika barua yako kwenye kompyuta, inakaa inasubiri. Baadaye modemu inapiga simu kama mtu anavyopiga, inasikika ile milio ya kukwaruza, barua zote zinasukumwa kwa mkupuo na za kwako zinashushwa, kisha simu inakatwa haraka kabla bili haijaua ofisi. Jibu unaweza kulipata kesho yake au siku zinazofuata.

Madaktari nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, uliotumia setelaiti ndogo zinazozunguka dunia kwa chini. Setelaiti ikipita juu ya Dar mara chache kwa siku, kituo kinarusha barua na kupokea nyingine. Ikishapita basi, unasubiri mzunguko mwingine. Kwa mhadhiri ambaye jarida la kitaaluma lilimfikia likiwa na umri wa mwaka mzima, au halikumfikia kabisa, hii ilikuwa mapinduzi.

Angalieni jinsi ilivyofanya kazi: barua inakusanywa, inasubiri chombo, chombo kinapita, inapakiwa. Kumbe ni ileile meli ya Mwanza, tofauti ni kwamba hii ilipita angani.

Kafe zinafika mikoani

Anwani za .tz zilianza 1995, na kampuni za kuuza huduma ya intaneti zikafuatia Dar. Kufika mwaka 2000 na kuendelea, kafe za intaneti zilikuwa zimejaa jijini, na miji ya mikoani kama Bukoba ikafuata nyuma. Miaka hiyo data zote za nchi zilipitia setelaiti, kwa hiyo ilikuwa ghali na ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Unafungua Yahoo, unaenda kunywa chai, unarudi bado inafunguka, na saa yako inahesabiwa.

Kazi kubwa ya kielimu ya kafe zile ilikuwa nini? Tuseme ukweli, si utafiti. Ilikuwa kutafuta vyuo na ufadhili, na kuangalia matokeo ya mtihani wa taifa yalipoanza kuwekwa mtandaoni. Hapo ndipo yule mtu wangu anapoonekana tena. Mwenye safari ya mjini alibeba karatasi yenye namba za mtihani za watoto wa jirani. Akifika Bukoba anakaa kwenye kiti cha kafe, anaandika namba moja baada ya nyingine, anarudi jioni na majibu mfukoni. Mtandao ulikomea mjini, yeye akaumalizia kwa basi.

Waliolielewa hilo mapema walifanya vizuri. Ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kituo cha mawasiliano cha jamii kilianzishwa 2001 chini ya COSTECH na wafadhili wake. Kwetu Karagwe, shirika la FADECO lilichukua taarifa za kilimo na maisha, likazirudisha kwa wakulima kwa lugha yao, na mwaka 2007 likawa na redio yake. Yaani mkulima hakuhitaji kujua hata modemu ni nini.

Na mwaka 2005 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sida ya Sweden, ilianza mpango wa kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali, vyote 34. Wilayani Muleba hiyo ilimaanisha Katoke. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko miradi mingi iliyopeleka mashine moja kwa moja shuleni zikafunikwa vitambaa. Wakisema tuanze na mwalimu, maana yake wamemtambua yule mbebaji. Mwalimu mmoja aliyejua kutafuta na kuprinti angeweza kulihudumia darasa zima lisilo na umeme.

Kisha mkongo

Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulitua Dar, EASSy ukafuata 2010, na mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani. Bei zikashuka, simu zikaingia mfukoni. Tukadhani habari ya mbebaji imekwisha.

Haikwisha. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, shule za msingi zilikaa mpaka mwisho wa Juni. Mwenye simu nzuri na bando aliendelea kusoma. Wengine walipewa vipindi vya redio na televisheni, yaani tulirudi kulekule kwa walimu wa UPE. Mtoto wa Goziba ambaye nyumbani hakuna redio wala simu alihitaji mtu ampelekee karatasi, kama miaka ya 1970.

Ndiyo maana nimeandika haya kwenu, walimu watarajiwa wenzangu. Tukienda TP, na baadaye tukipangiwa vituo, wengine tutapelekwa huko mwisho wa barabara. Tukikuta shule haina intaneti, tusikae tukisubiri mradi. Wenye simu ni sisi. Tushushe mitihani iliyopita tukiwa mjini, tuiandike ubaoni, tuwasaidie watoto kujaza fomu na kusoma matokeo. Mwalimu wa UPE aliyetaniwa maisha yake yote hakuwa na bando hata la siku moja, na bado alifikisha.

Haya, UE njema wadau. Wa Muleba mkirudi likizo, msisahau senene.