od, strings na nduguze: historia ya kuchungulia ndani ya programu

Leo sina msimbo mpya wa kuwaonyesha, nina hadithi ya zamani. Kama una tarakilishi yenye Linux, fungua terminali uandike hivi:

od -c /bin/ls | head -1

Utaona mstari unaoanza na 0000000, kisha 177, kisha herufi E, L na F, halafu 002, 001 na mengineyo. Hizo ni baiti za mwanzo za programu ya ls, ile unayoiita kila siku bila kuifikiria. 177 na ELF ni alama ya kutambulisha aina ya faili, 002 inasema hii ni programu ya biti 64, na 001 inayofuata inasema kwamba katika namba zake baiti ndogo hutangulia. Programu imekwisha kukompailiwa, hakuna msimbo wa C wa kusoma, lakini faili bado inajieleza kwa anayejua kuuliza.

Amri hiyo ya od ni mzee kweli kweli. Imo katika kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha Novemba 1971, pamoja na nduguye nm, ambaye kazi yake ni kuorodhesha majina ya fankisheni na vigeugeu vilivyobaki ndani ya programu. Wakati huo Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao pale Bell Labs walikuwa wakitumia mashine ya PDP-11. Jina od linatokana na kumwaga faili kwa namba za msingi wa nane. Mtu wa leo aliyezoea msingi wa kumi na sita atauliza, kwa nini nane?

Jibu liko ndani ya mashine yenyewe. PDP-11 ilikuwa na rejista nane, na maagizo yake yaligawanywa katika vifungu vya biti tatu tatu. Biti tatu ni tarakimu moja ya msingi wa nane. Kwa hiyo agizo la kunakili rejista ya 1 kwenda rejista ya 2 liliandikwa 010102. Hebu litazame: 01 ni kunakili, 01 ni rejista ya 1, 02 ni rejista ya 2. Ukiliandika kwa msingi wa kumi na sita unapata 1042, na hapo rejista zote zimepotea machoni. Mhandisi wa siku zile alisoma matokeo ya od kama sisi tunavyosoma risiti ya duka. PDP-11 imekwenda zake, lakini ukiita od leo bila kuipa maelekezo bado inakutapikia namba za msingi wa nane, kana kwamba mashine ile iko chumba cha pili.

Faili zenyewe nazo zilikuwa na ujanja wake. Programu za Unix za enzi hizo zilianza na namba 0407, ambayo wengi waliichukulia kuwa alama tu. Kumbe kwenye PDP-11 hiyo 0407 ni agizo halali: ruka mbele baiti 16, yaani ruka kichwa cha faili uanze kazi. Alama na agizo katika neno moja. Mimi hupenda sana vitu vya namna hii.

Na kisa kidogo kabla sijasahau. Stephen Bourne alipotengeneza shell yake, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, alipenda kufunga vifungu kwa kugeuza neno nyuma mbele, kama lugha ya ALGOL 68: if hufungwa na fi, case hufungwa na esac. Basi do ingefungwa na od. Lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe! Ndiyo maana hadi leo kitanzi cha shell kinafungwa kwa done.

Kisha ikaja strings, kutoka upande wa Berkeley. Wazo lake ni rahisi mno: pitia faili, na kila unapokuta herufi nne au zaidi zinazosomeka zikifuatana, zichapishe. Basi. Binafsi ndiyo zana iliyonilisha zaidi kuliko nyingine zote. Kuna duka moja hapa Nairobi lililokuwa na programu ya hesabu ya Windows ambayo waliyoiandika hawakupatikana tena kwa simu wala kwa barua pepe. Walipohamia tarakilishi mpya ikagoma kufunguka, bila kusema sababu. Niliipitisha kwa strings, mara ya pili nikiongeza -el kwa sababu maneno mengi ya Windows huhifadhiwa kwa baiti mbili kwa kila herufi. Katikati ya takataka nikaona njia ya folda kwenye diski D, wakati mashine mpya haikuwa na D kabisa. Tukatengeneza D, hesabu za miaka sita zikarudi.

Lakini anayejua kwamba utachungulia anaweza kuficha. Mnyoo wa Morris uliosambaa tarehe 2 Novemba 1988 ukaingia katika maelfu ya mashine za VAX na Sun, na watu wa Berkeley na MIT walilazimika kuufungua wakiwa na faili zilizokompailiwa tu. Maneno yake yalikuwa yamefunikwa kwa XOR na namba 0x81. Herufi s, ambayo ni 0x73, inakuwa 0xF2, na biti ya juu ikishawashwa strings haiioni tena kama herufi. Kifuniko chepesi, lakini kilitosha kuinyamazisha zana. Wakaugeuza ule mnyoo kuwa C kwa mkono, agizo kwa agizo.

Upande mwingine, kuna wanaosahau kuficha. Mwaka 1999 Andrew Fernandes alikuta ndani ya faili ya Windows NT 4, iliyotoka na Service Pack 5, jina _NSAKEY likiwa limebandikwa kwenye ufunguo wa pili wa kuhakiki saini. Kwa kawaida majina kama hayo hufutwa kabla bidhaa haijatoka, safari hii yalibaki. Microsoft ilikanusha kwamba shirika la ujasusi la Marekani lina ufunguo huo. Vyovyote unavyoamini, bila jina lile moja pasingekuwa na swali la kuuliza.

Kwenye Linux zana kama strings na nm tunazipata katika furushi la GNU binutils, na chini ya objdump na strings kuna maktaba iitwayo BFD. Asili ya jina ni mzaha: Richard Stallman alisema maktaba ya kusoma aina zote za faili itakuwa kazi ngumu, David Wallace akamjibu kwa kifupi hicho cha Kiingereza cha mtaani, maana yake kwani kuna nini. Ilikuwa ngumu kweli. Mwaka 2014 Michal Zalewski alionyesha kwamba faili iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuangusha strings yenyewe kupitia BFD. Fikiria, zana unayoitumia kukagua faili usiyoiamini! Baadaye strings ilibadilishwa isome baiti za faili nzima moja kwa moja bila kujaribu kuelewa muundo wake. Readelf tangu mwanzo iliandikwa bila BFD, makusudi, ili kosa la mmoja lisimwambukize mwenzake.

Sasa tuje kwa xz. Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlango wa siri ulikuwa umekompailiwa tayari na kufichwa ndani ya faili mbili zilizodaiwa kuwa za majaribio, na hati ya kuuchomoa ilikuwamo kwenye furushi la kupakua lakini si kwenye hazina ya git. Yaani ungeweza kusoma git yote, mstari kwa mstari, usikute hati hiyo. Wala strings isingekuambia, maana majina yaliyotafutwa na msimbo ule yaliwekwa kama mti wa herufi, si kama maneno.

Zana iliyowahi mapema ilikuwa ya kizamani. Tangazo la tarehe 29 Machi lilikuja na hati fupi ya shell iliyomwaga liblzma kwa hexdump na kutafuta mfuatano mmoja wa baiti unaoanza na f30f1efa. Wasimamizi wa seva wengi waliinakili usiku huo huo, wakaiendesha, wakasubiri jibu.